Uzee Hausubiri Miaka 80

Serikali ya Uganda huwapa wakongwe wake shilingi 25,000 za huko kwa mwezi. Katika wilaya nyingi za majaribio umri ulianzia miaka 65. Mpango ulipoenezwa nchi nzima, mwaka 2020, ukapandishwa hadi 80. Kenya ilikwisha kuamua, mwaka 2018, kuanzia 70.

Je, ajuza wa miaka 75 ale nini? Humtazama mwanawe, pengine askari aliye lindoni mbali na kwao, ambaye mshahara wake umekwisha kugawanywa: karo, unga, dawa za mama. Husemwa kwamba fedha ni haba, na ni kweli. Lakini ahadi ya miaka 80 wengi wataikuta wamekwisha kuzikwa.