Mawe Meusi ya Mrima: Tunachokijua Kuhusu Manganisi Yetu

(Maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa na afisa wa elimu ya umma mbele ya wakazi wa Lungalunga, Kaunti ya Kwale)



Swali ninaloulizwa zaidi ni hili: yale mawe meusi ya Mrima ni mali au si mali? Nitalijibu, ila naomba tuanze na kilima chenyewe.

Mrima umesimama peke yake juu ya tambarare ya mawe ya mchanga, kilele chake kikiwa zaidi ya mita 300 juu ya usawa wa bahari. Jirani yake ni Jombo. Vilima hivi ni mabaki ya moto wa chini ya ardhi. Zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, miamba iliyoyeyuka ilipenya kutoka kina kirefu. Uliopenya Mrima ni wa aina adimu iitwayo kabonatiti, mwamba wenye asili ya chokaa. Chokaa haivumilii mvua. Maji yaliiyeyusha na kuiondoa polepole, na yale yasiyoyeyuka kwa urahisi yakabaki na kurundikana: chuma, manganisi, niobiamu, madini adimu, na thoriamu. Kwa hiyo udongo mnaoukanyaga pale juu ni masazo ya mwamba mkubwa zaidi uliokwisha kuoza. Na yote yamechanganyika. Huwezi kuiambia sururu ichague manganisi iache thoriamu.

Katika miaka ya 1950 wanajiolojia walichimba mashimo ya uchunguzi pale, na maelezo yao yakachapishwa mwaka 1959. Wengi wao macho yalikuwa kwenye niobiamu, si manganisi. Sababu ni bei. Manganisi inahitajika sana duniani, maana chuma cha pua na cha reli hakitengenezwi vizuri bila hiyo, na hata betri za tochi mnazotupa zina unga wake mweusi. Lakini huuzwa kwa tani, si kwa gramu kama dhahabu. Mwenye lori moja la manganisi anaweza kuimaliza faida yote kwenye dizeli. Kule Kisenge, kusini mwa Kongo, mawe yalipelekwa kwa reli hadi bandari ya Lobito nchini Angola. Vita vilipoifunga reli ile mwaka 1975, biashara ikakwama. Hata mchanga wetu wa Maumba na Nguluku ulihitaji gati yake Likoni. Basi akija mtu akikuambia gunia la mawe meusi litakujengea nyumba, mwulize atalipeleka wapi na kwa nauli ya nani.

Sasa afya, na hapa nawaomba akina mama mnisikilize zaidi. Vumbi la manganisi likivutwa kwa muda mrefu huharibu neva. Mwaka 1837 daktari mmoja wa Scotland, James Couper, aliwaeleza wafanyakazi waliosaga manganisi: miguu ilikosa nguvu, mwendo ukayumba, sauti ikafifia. Watoto wasipewe kazi ya kuponda mawe haya, wala yasipondwe uani. Thoriamu nayo hutoa mnururisho. Wanasayansi wamepima Mrima na kukuta kiwango cha juu kuliko cha kawaida. Kupita njia ya msituni si sawa na kulala miaka 30 ndani ya kuta zilizojengwa kwa mawe yake. Ushauri wangu: mawe na udongo wa kilima visichukuliwe kujengea wala kukandikia nyumba.

Mwisho ni karatasi. Kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2016, madini yote, hata yaliyo chini ya shamba lako, ni mali ya Jamhuri, yakishikiliwa na serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi. Mrabaha hugawanywa: asilimia 70 serikali ya kitaifa, 20 kaunti, 10 jamii ya eneo la mgodi. Ardhi, hata hivyo, inabaki yako, na idhini yako ina uzito. Usitie kidole gumba kwenye karatasi uliyosomewa na dalali peke yake.

Na Mrima si shamba la mtu. Ni msitu uliohifadhiwa, ni kaya, ni turathi ya kitaifa. Mnakumbuka mwaka 2013: leseni ilitolewa, ikafutwa mwaka uleule, na wawekezaji wakaishtaki Kenya mbele ya wasuluhishi wa kimataifa wakidai takriban dola bilioni 2. Oktoba 2018 walishindwa. Wasuluhishi walisema leseni ile haikuwa halali, kwa kuwa vibali vya lazima, pamoja na kile cha mazingira, havikupatikana. Jaribio la kubatilisha uamuzi huo nalo liligonga mwamba mwaka 2021. Tazameni basi: kile wengine walichokiita ukaidi wa wazee kuhusu msitu wao, kisheria ndicho kilichokuwa na nguvu.

Kwa hiyo ni mali, ndiyo, lakini si ya kuchimbwa usiku kwa jembe. Anayetaka kuchimba nje ya msitu aanze ofisi ya madini, kisha mamlaka ya mazingira, kisha aje hapa barazani. Haya, nasikia maswali. Tuanze na yule mama mwenye leso ya buluu.