Karani Akikosa Intaneti

Ndugu wakulima wa miwa wa Ruhembe,

Kompyuta moja ya ushirika yaweza kuwa na watumiaji wawili: msimamizi na karani. Karani amewekewa mipaka. Akikosa intaneti, msikimbilie kusema waya umekatika. Kila mmoja ajaribu kwa jina lake. Wakikosa wote, tazameni waya, modemu na salio. Akikosa karani peke yake, basi tatizo li katika ruhusa au mipangilio yake. Msimamizi aingie, arekebishe, karani ajaribu tena.

Lakini karani asipewe neno la siri la msimamizi! Huo ni ufunguo wa ghala. Programu mbaya ikiupata, hesabu za miwa yetu sote zaweza kupotea.