Noti za Zamani na Thamani Yake

Jioni hii twapenda kusema nanyi juu ya noti za zamani zilizolala katika makasha ya wazee wetu. Dukani hazinunui hata kibiriti, na huku wako watu walio tayari kuzilipia fedha. Watu hao huzikusanya kama wengine wakusanyavyo stempu za barua.

Kwanza twaungama kosa letu. Tulipokuwa wanafunzi, babu yetu alitupatia noti ya rupia moja ya zamani za Wadachi. Ilikuwa imekunjwa mara nne, tena ina vumbi na doa la mafuta. Kwa kutaka ipendeze, tuliiosha kwa sabuni, tukaipiga pasi ya makaa. Ikatakata kweli, lakini wino ulififia na karatasi ikalegea kama kitambaa. Miaka mingi baadaye tulimwonyesha mtu ajuaye mambo hayo, naye akasema, “Mngaliiacha na uchafu wake, ningaliinunua.”

Basi, thamani ya noti hutoka wapi? Wengi hudhani hutoka katika umri. Sivyo. Hutoka katika mambo matatu: uchache wake, hali yake, na wingi wa watu waitakao.

Twatoa mfano. Vita Vikuu vilipoanza mwaka wa 1914, manowari za Waingereza zilifunga pwani, noti zisiweze kuletwa kutoka Ujerumani. Kwa hiyo benki ya Wadachi ilichapa noti papa hapa, Dar es Salaam, na baadaye Tabora. Mwaka wa 1917, Wadachi walipokwisha kusukumwa porini, nyingine zilipigwa kwa herufi za mpira. Noti za rupia moja za mwaka 1915 na 1916 zilichapwa kwa wingi, na nyingi zimesalia. Hivyo, ijapokuwa zimepita miaka mia, nyingi katika hizo bei yake ni ndogo. Lakini zitazameni noti za rupia za Serikali ya Unguja, zilizoanza kutolewa mwaka wa 1908. Shilingi ilipoingia Unguja mwaka wa 1936, noti hizo ziliondolewa, na zilizobaki ni chache mno. Umri wao haupitani sana, lakini bei zao zapitana kama kuku na ng'ombe.

Jambo la pili ni hali. Noti isiyokunjwa hata mara moja yaweza kupata bei mara nyingi kuliko ndugu yake iliyozunguka sokoni. Kila tundu la pini na kila mpasuko hupunguza kitu. Kwa hiyo msiioshe noti, msiipige pasi, msiigandishe kwa gundi, wala msiandike juu yake. Ilazeni imenyooka ndani ya bahasha safi, mbali na unyevu, mchwa na mende.

Sasa twaja kwenye kuuza. Mtu akifika mlangoni na fedha mkononi, msimwuzie siku ile ile. Kwanza andikeni katika daftari jina la benki, mwaka, kiasi na namba ya noti. Maana mali bila daftari hupotea bila habari. Kisha ulizeni bei kwa watu wawili au watatu. Tafuteni bei zilizolipwa kweli mnadani, wala si zile ambazo wauzaji wazitaja tu. Tena kumbukeni kwamba mnunuzi naye ataka faida, na dalali huchukua fungu lake. Akija mtu anayeahidi utajiri, kisha ataka ninyi mtangulize ada, mfungieni mlango.

Lakini noti za siku hizi zisiwadanganye. Kenya ilipoondoa noti zake za zamani za shilingi 1,000, mwisho wa kuzibadilisha ulikuwa tarehe 30 Septemba 2019. Aliyezificha akingoja zipande bei alipoteza fedha halali. Noti ikitangazwa kuondolewa, ipelekeni benki upesi.

Mwisho, kabla hamjauza, waulizeni wazee noti ile ilipatikanaje: kwa mshahara wa upagazi, au kwa kuuza mbuzi? Andikeni hayo katika daftari lile lile. Noti ikienda kwa mnunuzi, habari hiyo ibaki kwa wajukuu. Sisi babu yetu hatukumwuliza, na sasa hayupo.

Kwa herini.