Haradali na Kalamu za Saraswati

Vasant Panchami, sikukuu ya Wahindu ya kukaribisha majira ya kuchipua, huangukia siku ya 5 ya mwezi mchanga wa Magha, mmoja wa miezi ya kalenda ya Kihindu, kati ya mwishoni mwa Januari na katikati ya Februari. Huko Bengal Magharibi, vitabu na kalamu huwekwa mbele ya Saraswati, mungu wa kike wa elimu na muziki, na mtoto mdogo hushikwa mkono aandike herufi yake ya kwanza. Punjab nako, haradali inapochanua mashambani, watu hurusha tiara. Wapo wanaolalamika kwamba tiara zimemsahau mwenye sikukuu. Malalamiko hayo si ya kupuuzwa, maana sherehe isiyo na ibada huweza kugeuka mchezo mtupu.

Hata hivyo, manjano wanayovaa Wabengali na Wapunjabi ni yaleyale, rangi ya haradali, na kila jimbo limeshukuru kwa kile linachokithamini. Tena shukrani hiyo imevuka mipaka ya dini: jijini Delhi, kwenye kaburi la walii Nizamuddin Auliya, Waislamu nao hupeleka maua ya manjano kila mwaka, desturi inayohusishwa na mshairi Amir Khusro, aliyefariki 1325.