Kusema Vema Barazani

Leo twapenda kuongea nanyi juu ya ustadi wa kusema mbele ya watu, hasa pale ambapo mali ya mtu imo hatarini. Sisi walimu huwafundisha vijana kusoma na kuandika. Kusema twadhani kila mtu amezaliwa nako. Wayunani wa kale hawakudhani hivyo.

Yasimuliwa kwamba elimu hiyo ilianza katika kisiwa cha Sicily, karne ya 5 kabla ya Kristo. Watawala wa mabavu walikuwa wamewanyang'anya watu mali zao. Walipoondolewa, wenye mali walikwenda mahakamani kudai, na hapo ndipo Corax na Tisias walipotunga mafundisho ya namna ya kusema kesi. Kumbe elimu hiyo yenye sifa kubwa ilizaliwa na madai ya watu walionyang'anywa, jambo ambalo mtu wa Jorodom hahitaji kufasiriwa.

Baadaye Aristotle, aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba mambo matatu humfanya msikilizaji asadiki: tabia ya msemaji jinsi inavyoonekana katika maneno yake, hali ya moyo wa wanaomsikiliza, na hoja yenyewe. Alisema pia kwamba sifa ya kwanza ya lugha ni kuwa wazi, na kwamba hotuba ina sehemu mbili tu zisizoachika: kulitaja jambo, na kulithibitisha.

Mambo mawili ya kwanza wazee wetu wayajua sana. Katika slufay ya Wairaqw mzee mmoja hunena maombi na baraka, na waliokusanyika humwitikia. Bila kuitikiwa maneno yake yangekuwa nusu tu. Athens msemaji alitafuta kura za watu. Mzee huyu atafuta sauti zao ziungane na yake, nasi twaona kazi yake si nyepesi kuliko ile.

Ni katika jambo la tatu, uthibitisho, ndipo wengi huanguka. Kijiji cha Mulbadaw, huko huko Hanang, pamoja na wanakijiji wake, walilishtaki Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, yaani NAFCO, juu ya ardhi iliyotwaliwa kwa mashamba ya ngano. Mahakama Kuu iliwapa haki. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaigeuza hukumu hiyo: kijiji hakikuthibitisha kwamba kilipewa ardhi ile kwa taratibu za sheria, wala wanakijiji hawakuthibitisha kwamba walikuwa wenyeji kwa maana ya sheria. Wafugaji wa Kibarabaig wasithibitishe kuwa ni wenyeji wa Hanang! Jambo ambalo kila jirani alijua halikuwa limewekwa mbele ya mahakama kama ushahidi, na ng'ombe wakakosa malisho.

Siku hizi shauri la shamba laweza kuanzia katika baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe saba, watatu wao wanawake, ambalo kazi yake ni kusuluhisha. Anayekwenda huko asianze na safari za babu yake. Ataje mpaka uko wapi, nani aliugawa, nani aliyekuwapo, na kama ipo karatasi, aionyeshe. Machozi, kama yapo, yatakuja yenyewe.

Chuoni huwapa wanachuo zoezi la namna hiyo, kisha twawaamuru waseme upande wa pili. Aristotle naye alitaka mtu aweze kujadili pande zote mbili, ili ajue kujibu hoja isiyo ya haki. Vijana hawalipendi zoezi hili. Mmoja, aliyekuwa amekwisha kutuliza sote kwa habari ya shamba la mama yake, alipoambiwa amsemee jirani alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akauliza, "Mwalimu, huo mkonge wa mpakani ulipandwa na nani?"