Si Choa, Wala Si Ukoma

Somo letu la leo ni habari za ugonjwa wa ngozi uitwao soriasisi. Huenda hamjapata kulisikia jina hilo. Lakini labda mmekwisha kumwona mtoto mwenye ugonjwa huo, mkadhani ana choa au ukoma.

Soriasisi huonekanaje? Ngozi hufanya mabaka manene yenye magamba makavu, ya rangi ya kijivu au ya fedha. Katika ngozi nyeusi, mabaka huwa ya kahawia au ya zambarau. Hutokea sana viwikoni, magotini na kichwani. Pengine kucha nazo huwa na vishimo vidogo.

Sababu yake ni nini? Ngozi ya kila mtu hujibadili. Ngozi mpya huota chini, na ya zamani huanguka. Kazi hiyo huchukua karibu mwezi 1. Kwa mwenye soriasisi huchukua siku chache tu, basi ngozi hurundikana. Kasoro hiyo imo katika kinga ya mwili, na mara nyingi hufuata ukoo. Haitokani na uchafu, wala uchawi.

Sasa shikeni neno hili: soriasisi haiambukizi. Mwaka 2014, nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilikubaliana hivyo katika mkutano wao mkuu. Basi mtoto asitengwe. Na ale sahani moja na nduguze, na aende shule. Kijana wa miaka 13 au 14 huona haya sana. Huvaa mikono mirefu wakati wa joto, akaacha kucheza na wenzake. Mara nyingi macho ya watu humwumiza kuliko mabaka yenyewe.

Mzazi, fanya hivi:

1. Mpeleke mtoto hospitali apimwe. Choa na ukoma vina dawa zake mbali.

2. Mpake mafuta ya mgando kila siku, hasa akiisha kuoga.

3. Mkataze kukuna na kubandua magamba. Penye jeraha huweza kuota baka jipya.

4. Akiumwa koo, atibiwe. Wiki 2 au 3 baadaye, watoto wengine hutokwa na madoa madogo mengi, kama matone ya mvua.

5. Usimnunulie dawa ya kupaka kwa kubahatisha. Nyingine ni kali, hufanya ngozi kuwa nyembamba.

6. Viungo vikimwuma au kuvimba, mwambie daktari upesi.

Ugonjwa huu hauna dawa ya kuumaliza kabisa. Lakini kwa matibabu mabaka hupungua, hata pengine hutoweka kwa miezi au miaka.

Maswali ya kuzungumza darasani:

Kwa nini ngozi ya mgonjwa hurundikana?

Jirani akimkataza mwanawe kucheza na mtoto mwenye soriasisi, utamwambia nini?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.