Kabla ya Kumpandisha Sungura, Jua Watoto Wake Watakwenda Wapi

Hotuba kwa mabaraza ya wadi na mikutano ya wazazi shuleni



Katika hadithi za jioni, sungura humshinda fisi na hata simba kwa ujanja wake. Sungura aliye kizimbani hana ujanja wa kujiokoa. Nyasi anazokula, maji anayokunywa na kivuli kinachomkinga jua vyote hutoka mkononi mwa aliyemfungia humo. Mwenye mkono huo akichoka, sungura hana pa kwenda.

Watoto wanawapenda, nyama yao ni nzuri, na samadi yao hustawisha sukuma wiki. Kwa hiyo sungura wamejaa katika boma nyingi na hata kwenye ploti za mijini. Tatizo ni kwamba wengi huanza na sungura wawili bila mpango, na baada ya mwaka mmoja hawajui la kufanya na kundi zima. Wako wanaoamua kuwaachilia kichakani, wakidhani watajiunga na wenzao wa porini. Hilo haliwezekani. Sungura wa porini wa Kenya ni mnyama mwingine kabisa, ingawa kwa Kiswahili jina ni moja. Yule wa porini huzaliwa akiwa na manyoya na macho wazi. Wa nyumbani asili yake ni Ulaya, na huzaliwa uchi na kipofu. Hawa wawili hawazaani. Wa nyumbani akitupwa kichakani, atakufa kwa mbwa, nguchiro au njaa.

Ndugu wakazi, hesabu yenyewe si ngumu. Mimba ya sungura huchukua siku 31 hivi. Jike mmoja akizalishwa mara 4 kwa mwaka, na kila mara akapata watoto 6, hao ni watoto 24 kutoka kwa mama mmoja. Majike wadogo kwa umbo huweza kushika mimba wakiwa na miezi 4 au 5, kwa hiyo wale wa uzao wa kwanza watakuwa tayari kuzaa kabla mwaka haujaisha. Tena jike anaweza kushika mimba nyingine siku ile ile aliyojifungua, ikiwa dume yuko naye kizimbani. Anayewafuga dume na jike pamoja mwaka mzima ameacha uamuzi wote kwa sungura.

Wakazi wengi wanakumbuka jinsi ufugaji wa sungura ulivyovuma nchini zaidi ya miaka kumi iliyopita. Kuna waliouziwa sungura wa mbegu kwa bei ya juu, wakaahidiwa kwamba kila mtoto atakayezaliwa ana mnunuzi. Mnunuzi alipokosekana, waliachwa na mabanda yaliyojaa na gharama ya chakula kila asubuhi. Funzo la wakati ule halijachakaa: mnunuzi au mpokeaji hutafutwa kabla ya mimba. Ambaye hawezi kutaja watakakokwenda watoto 6, asimpandishe jike wake.

Kwa mwenye mpango, uzalishaji mzuri una taratibu zake. Jike wa aina ya New Zealand White au California asubiri hadi afikishe miezi 5 au 6. Flemish Giant, kwa kuwa ni mkubwa, angoje zaidi, hadi miezi 8 au 9. Jike ndiye anayepelekwa kwenye kizimba cha dume. Dume akipelekwa kwa jike, jike hulinda kwake na huweza kumjeruhi. Kaka na dada wasipandishwe, wala baba na binti yake. Sungura mwenye meno yaliyopinda asizalishwe, kwa sababu kasoro hiyo hurithiwa, na kwa kuwa meno ya sungura hukua maisha yote, meno yasiyokutana hurefuka mpaka mnyama ashindwe kula.

Siku ya 28, jike awekewe sanduku la kuzalia lenye nyasi kavu. Atajinyofoa manyoya na kutandika mwenyewe. Baada ya kuzaa, wengi huingiwa na hofu wanapoona mama hakai na watoto. Hiyo ndiyo kawaida yake: hunyonyesha mara moja au mbili kwa siku, kwa dakika chache tu. Watoto wenye matumbo yaliyojaa wanatunzwa vizuri, waachwe. Macho hufunguka siku ya 10 hivi. Wasitenganishwe na mama kabla ya wiki 6, hata kama mnunuzi amesimama mlangoni na pesa mkononi.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila kizimba kiwe na kadi yenye tarehe ya kupandishwa, tarehe ya kuzaa, idadi ya watoto na jina la dume. Bila kadi hiyo, baada ya vizazi viwili hakuna atakayejua nani ni ndugu ya nani.

Sasa neno kwa wanaotaka kumpokea sungura nyumbani. Kabla ya kwenda sokoni, uliza kwanza jirani, shule au kikundi kilicholemewa. Sungura aliyekwisha kuzaliwa anahitaji makao kuliko yule ambaye bado hajazaliwa. Lakini familia nayo ijiulize maswali. Sungura anayetunzwa vizuri huishi miaka 8 hadi 12. Mtoto wa Gredi ya 4 anayepewa sungura leo anaweza kumaliza Gredi ya 12 sungura huyo akiwa bado hai. Je, mtoto akienda shule ya bweni, nani atakata nyasi? Familia ikisafiri Desemba, nani atabaki naye? Jibu likiwa ni mama peke yake, basi mama ndiye aulizwe kama anamtaka. Na ikiwa sungura analetwa kwa ajili ya kitoweo, mtoto aambiwe ukweli siku ya kwanza, kabla hajampa jina.

Wakati wa kumpokea, mwenye ujuzi amkague kuthibitisha kama ni dume au jike. Wakiwa wachanga ni rahisi kukosea, na ndiyo maana "dada wawili" wengi wameishia kuwa baba na mama. Anayetaka wawili wasiozaana achague majike wawili waliokua pamoja, au amwombe daktari wa mifugo amhasi dume. Madume wawili ambao hawajahasiwa wakishakomaa hupigana mpaka kuumizana vibaya.

Makao yake yawe kizimba kilichoinuliwa, chenye kivuli na hewa ya kutosha. Sungura huvumilia baridi kuliko joto. Likipita nyuzi 30, huhema na huweza kufa, hasa chini ya mabati ya chini. Kama sakafu ni ya waya, pawe na ubao wa kupumzikia ili nyayo zisitoke vidonda. Miguu ya banda isimamishwe ndani ya mikebe yenye oili chafu, kwa sababu siafu wakipanda usiku huwamaliza watoto wote kabla ya mapambazuko.

Chakula chake kikuu ni nyasi, si karoti. Karoti ina sukari nyingi na ni ya kuonjeshwa tu. Matawi ya viazi vitamu na kishonanguo huliwa vizuri, lakini majani mabichi yaanikwe kidogo yanyauke, maana yaliyolowa huvimbisha tumbo. Majani ya parachichi, nyanya na viazi mbatata ni sumu, yasikaribie kizimba. Maji safi yawepo usiku na mchana. Na asibebwe kwa masikio. Mkono mmoja ushike kifua, mwingine makalio, kwa kuwa akirusha miguu akiwa hewani anaweza kuvunjika mgongo.

Sungura asiyekula tangu asubuhi hadi jioni ni mgonjwa, asingojewe mpaka kesho kutwa. Watoto wanaoharisha huenda wana koksidiosisi, ugonjwa unaopenda uchafu na unyevu. Magamba ndani ya sikio ni upele, na una dawa. Lakini dawa za binadamu zisitumiwe. Vidonge vya jamii ya penisilini, ambavyo wengi huwa navyo nyumbani, huharibu tumbo la sungura na kumuua.

Baadhi watauliza, sungura ni jambo la serikali? Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti kazi ya ufugaji, huduma za mifugo na ustawi wa wanyama. Nayo Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumtesa mnyama, na haikusema mnyama mdogo asihesabiwe. Hata hivyo, lengo la hotuba hii si kumtisha mtu. Aliyelemewa na sungura asione haya, wala asiwatupe usiku. Amwone afisa wa mifugo wa wadi yake mapema. Huenda mkazi mwingine wa wadi hiyo hiyo anatafuta sungura.

Kwa leo, kila mfugaji akirudi nyumbani afanye mambo mawili. Kwanza, awatenganishe madume na majike jioni hii, kabla giza halijaingia. Pili, aandike majina ya watu watakaopokea watoto wa uzao ujao. Karatasi ikijaa, ampandishe jike wake kwa amani. Ikibaki tupu, jike apumzike.